Rangi ya Upepo na Mahali pa Jicho

Mke wangu amenikataza kupanda juu ya kiti, kwa hiyo kazi ya kupangusa pangaboi la sebuleni kwetu hapa Korogwe humngoja mjukuu wetu akija likizo. Kijana huyo anasomea uhandisi wa mitambo Dar es Salaam. Mwaka jana alipokuwa juu ya kiti na kitambaa mkononi aliniuliza, "Babu, pangaboi hili linazunguka mchana kutwa. Vumbi linakaaje juu yake lisipeperuke?"

Nilimjibu papo hapo kwamba vumbi hushikwa na unyevu wa hewa. Mwalimu aliyekaa darasani karibu miaka thelathini na minane hapendi swali lining'inie bila jibu. Mjukuu akacheka kwa adabu, akasema, "Hapana, babu. Si unyevu." Aliporudi likizo iliyofuata aliniletea ripoti tatu za watafiti wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, zote zikihusu namna ya kupima msuguano wa hewa juu ya uso wa kitu kwa kutumia fuwele za kimiminika. Nilizisoma polepole, kamusi ubavuni, na kijana akinivusha kwenye hesabu. Katika sura hii nataka kuzihakiki kama ambavyo wengine huhakiki riwaya, kwa sababu zimenigusa kuliko riwaya nyingi nilizosoma tangu nistaafu.

Kwanza tulimalize suala la pangaboi. Mwaka 1904 Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg kwamba hewa inayopita juu ya kitu haitelezi juu ya uso wake. Hewa iliyogusana na uso husimama pamoja nao. Hatua ndogo juu yake hewa hutembea kidogo, juu zaidi hutembea zaidi, mpaka kufikia mwendo kamili wa upepo. Eneo hilo jembamba huitwa tabaka mpaka. Chembe ya vumbi ni ndogo mno, nayo hujilalia chini kabisa ya tabaka hilo, mahali ambapo upepo, kwa kipimo cha pangaboi lenyewe, ni kama haupo. Ndiyo maana pangaboi huzunguka na vumbi lake.

Lakini hewa hiyo iliyosimama haikusimama bure. Ile iliyo juu yake huivuta, nayo huuvuta uso. Mvuto huo wa kuelekea upepo uendako ndio msuguano wa hewa. Tusiuchanganye na shinikizo. Upepo unaong'oa bati za darasa, jambo ambalo kila mwalimu mkuu wa wilaya ya Handeni amewahi kulitolea taarifa, huzing'oa kwa shinikizo, yaani kwa kusukuma na kunyonya. Msuguano ni kitu cha kimyakimya. Hauvunji dirisha wala hauangushi mti. Hata hivyo, katika ndege ya abiria inayosafiri angani kwa mwendo wake wa kawaida, takriban nusu ya nguvu yote ya hewa inayoirudisha nyuma hutokana na msuguano huu wa ngozi yake. Nusu ya mafuta basi huchomwa kwa ajili ya kitu ambacho hakuna anayekiona. Mtu anayetaka kukipunguza hana budi kwanza kujua kiko wapi na ni kiasi gani.

Hapo ndipo penye ugumu. Sisi walimu wa shule za msingi tulifundisha msuguano kwa gogo na kamba. Mtoto alivuta gogo juu ya sakafu, kisha juu ya mchanga, kisha juu ya magogo madogo ya mviringo, akaeleza tofauti. Somo zuri, lakini lilimwachia mtoto imani kwamba msuguano ni wa vitu vigumu tu. Nilipohamishiwa Korogwe nilijaribu kuliongezea. Mashamba ya mkonge yalikuwa karibu na katani haikuwa adimu. Nilibandika nyuzi fupi za katani juu ya ubao uliopindwa kama mgongo wa samaki, nikauweka mbele ya feni ya ofisini. Nyuzi zililala zikafuata hewa, na nyuma ya mgongo, pale hewa ilipobanduka kutoka kwenye ubao, zilicheza ovyo na nyingine zikarudi nyuma. Watoto walishangilia. Sikujua wakati ule kwamba wahandisi wa ndege nao hubandika nyuzi juu ya mabawa kwa shabaha ileile.

Uzi, hata hivyo, una kasoro mbili. Husema upepo unaelekea wapi, lakini hausemi unavuta kwa nguvu kiasi gani. Pili, uzi wenyewe ni kikwazo: umeingia ndani ya tabaka uliloletwa kulishuhudia, ukalivuruga. Shahidi anayeubadilisha ugomvi kwa kuingia chumbani hatufai sana. Basi watu wakatafuta shahidi mwembamba zaidi.

Walimpata katika kitu cha ajabu. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alipasha moto kemikali aliyoitengeneza kutokana na kolesteroli ya karoti. Ilipofika nyuzi joto 145.5 iliyeyuka, lakini ikawa kimiminika chenye ukungu. Ilipofika nyuzi joto 178.5 ukungu ukaondoka, ikawa angavu kama maji. Kitu kimoja, mayeyuko mawili. Otto Lehmann, Mjerumani aliyekuwa na hadubini yenye kijiko cha moto, alikichunguza, na ndiye aliyekipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema fuwele za kimiminika. Neno fuwele tulikuwa nalo katika kamusi ya sayansi ya TUKI ya mwaka 1990, nalo hutuletea picha ya chumvi au almasi, kitu kigumu chenye mpangilio. Kuliweka kando ya neno kimiminika ni kama kusema jiwe linalotiririka. Msomaji asikasirike. Ndivyo kitu chenyewe kilivyo: kinamiminika, lakini molekuli zake zimejipanga. Ndugu zake tumewavaa mkononi, kwani tarakimu nyeusi za saa za dijito na za vikokotoo zimeandikwa kwa fuwele za namna hii.

Aina inayotumika kwa upepo ina mpangilio wa ngazi ya mzunguko. Kila safu ya molekuli imegeuka kidogo kuliko safu iliyo chini yake, mpaka mzunguko unakamilika. Kimo cha mzunguko mmoja kinakaribiana na urefu wa wimbi la mwanga tunaouona. Kwa hiyo mwanga mweupe ukiiangukia, fuwele huchagua rangi moja na kuirudisha, na rangi nyingine huziacha zipite. Uso hupakwa rangi nyeusi kwanza, ili ile iliyopita imezwe na isirudi kutuchanganya. Juu ya weusi hupuliziwa tabaka la fuwele lenye unene wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Hewa ikipita na kuuvuta uso, ngazi ile huinama na kubadilika, na rangi nayo hubadilika, kutoka wekundu wa kutu kwenda njano, kijani na hadi buluu kadiri mvuto unavyozidi. Hewa ikitulia, rangi hurudi ilikotoka. Upepo umepata wino.

Sasa nizigeukie ripoti zenyewe.

Ya kwanza ni ya mwaka 1969, ya E. J. Klein na A. P. Margozzi wa kituo cha Ames huko California. Ni ripoti ya watu wanaopapasa njia gizani, na wanakiri hivyo katika jina lake: ni uchunguzi wa awali. Tatizo lao kubwa ni joto. Fuwele hizi hubadilika rangi kwa joto pia, na hewa iendayo kasi hupasha uso. Ukiona kijani, je, ni mvuto au ni moto? Ilibidi utafutwe mchanganyiko wenye kuujali mvuto na kuupuuza moto. Nimeipenda ripoti hii kwa sababu hailipambi tatizo lake. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hii ningempa maksi za uaminifu kabla ya maksi za jibu.

Ya pili ni ya mwaka 1986, ya Bruce Holmes na wenzake wa kituo cha Langley, Virginia. Hawa waliitoa fuwele kwenye handaki la upepo wakaipaka juu ya mabawa ya ndege zinazoruka kweli. Shabaha yao ilikuwa kuona mahali ambapo mtiririko tulivu wa hewa unageuka kuwa wa vurugu, kwa kuwa baada ya mstari huo msuguano huongezeka ghafla. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa dawa nyeupe inayoyoyoma upesi zaidi pale hewa inaposugua zaidi, lakini ikishayoyoma mchezo umekwisha. Rubani amepata jibu moja kwa ruko moja. Fuwele hujibu, hujirudi, hujibu tena, katika kila mwendo na kila kimo. Hii ni ripoti ya furaha, na furaha yake ni halali. Lawama yangu ni ndogo nayo inawahusu zaidi wasomaji wake. Kuna watu wakishaona bawa limegawanyika rangi mbili husema, "Sasa upepo tumeuona, kazi imekwisha." La hasha. Wameona mpaka kati ya shamba na shamba. Bado hawajapima shamba. Kusema hapa ni kijani na pale ni nyekundu ni kama kusema mtoto huyu ni hodari na yule ni mzito. Hodari kiasi gani, na nani kasema, na alikuwa amekaa wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo la ripoti ya tatu, iliyo bora kuliko zote. Daniel Reda, wa Ames vilevile, na wenzake walichapisha kazi zao katika miaka ya 1990. Waligundua kwamba rangi ya fuwele haitegemei nguvu ya hewa peke yake. Inategemea pia mtazamaji amesimama upande gani. Hewa inayomwacha mtazamaji na kwenda mbele yake humwonyesha rangi zinazobadilika, na zaidi kuliko zote ile inayokwenda moja kwa moja mbali naye. Hewa inayomjia usoni humwonyesha wekundu wa kutu tu, hata ivume kwa nguvu kiasi gani. Watu wawili wakisimama pande mbili za ubao uleule, chini ya taa ileile, upepo uleule, mmoja ataapa kuwa ni buluu na mwingine ataapa kuwa hakuna kilichotokea. Wote wawili wana macho mazima.

Mtu mwingine angeificha aibu hiyo, au angesema kifaa ni kibovu. Reda aliifanya kuwa ndiyo njia. Taa aliiweka juu, ikimulika wima. Kamera ziliutazama uso kwa kuinama, kutoka pande kadhaa kuuzunguka. Kwa kila nukta ya uso waliandika rangi iliyoonekana kutoka kila upande, kisha wakachora mchirizo wa rangi dhidi ya pembe. Mchirizo ulipanda kama kilima na kushuka. Pale kilele kilipo ndipo hewa inapoelekea. Urefu wa kilele, ukishalinganishwa na mvuto uliopimwa kwa njia nyingine, ndiyo nguvu yake. Shahidi mmoja hakutosha. Mashahidi wengi, kila mmoja akiwa ametaja alipokaa, walitoa mwelekeo na kiasi kwa pamoja, juu ya uso mzima, bila uzi wala tundu.

Nilipofika hapo nilimkumbuka jirani yetu wa milimani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, huko Lushoto, alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha jambo hilo, na dunia ikaliita kwa jina lake. Tumejivunia, na tuna haki. Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakuliona, na wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kukupa jibu jingine. Wengine bado wanabishana nao. Mimi simwondolei Mpemba heshima yake hata chembe, aliuliza alichokiona. Nasema tu kwamba hata katika chombo cha maziwa, swali la kwanza baada ya "umeona nini?" ni "umepimia wapi?"

Njia ya fuwele haikosi dosari, na mhakiki asipozitaja atakuwa mpiga zumari. Kwanza, haijitegemei. Rangi haina kilo wala mita ndani yake. Lazima ulinganishe kwanza na kipimo kingine kinachoaminika. Ipo njia ya tone la mafuta linalotandazwa na hewa: ukiujua mnato wa mafuta na kupima jinsi yanavyozidi kuwa membamba, unapata msuguano moja kwa moja. Kwa hesabu, mafuta yanamshinda fuwele. Kwa picha ya uso mzima na kwa wepesi wa kujibu, fuwele anayashinda mafuta. Pili, tabaka lile ni bichi na laini. Vumbi, wadudu na kidole cha mtu vyote huliharibu. Lipake juu ya basi la kutoka Korogwe kwenda Handeni zamani zile za barabara ya vumbi, na kabla ya kufika nusu ya njia ungekuwa na tabaka la udongo mwekundu lisilo na la kusema. Tatu, kuzungusha kamera pande zote kunataka upepo usiobadilika wakati wote huo. Upepo wa handakini hutii. Upepo wetu hautii.

Hata hivyo naiweka ripoti ya Reda juu kabisa ya rafu, na sababu si uhandisi peke yake.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Handeni, nilikuwa na mwalimu wa darasa la tatu, mama mpole, sauti yake ndogo. Kila mwaka nilipaswa kujaza taarifa ya siri ya kila mwalimu. Nilikuwa na desturi ya kukagua masomo nikiwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, nyuma ya darasa. Nilifanya hivyo ili nisiwatishe watoto, ndivyo nilivyojiambia. Kutoka pale niliona migongo. Katika darasa la mama yule niliona migongo inayopinda, vichwa vinavyoegemeana, na nikasikia mnong'ono usiokatika. Niliandika: hana udhibiti wa darasa. Mwaka uliofuata niliandika hivyohivyo. Sikuwa na chuki naye. Niliandika nilichokiona.

Mwaka wa tatu alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Yeye alikwenda moja kwa moja mbele, akakaa kwenye kigoda dirishani, akawatazama watoto usoni. Alipotoka aliniambia, "Mwalimu mkuu, una hazina humu. Wawili wawili wanasomeshana. Yule anayejua anamwonyesha asiyejua kwa kidole, na mama anapita kati yao kama hayupo." Nilimwambia nitaliangalia. Wakati huo mama yule alikuwa amekwisha kuomba uhamisho, na taarifa zangu mbili zilikuwa zimekwenda zilikokwenda. Wenzake walipandishwa daraja, yeye hakupandishwa. Ningeweza kuandika barua ya kurekebisha. Sikuiandika. Niliona haya kukiri kwa wakubwa kwamba miaka miwili nilikuwa nimekaa mahali pabaya, na haya ya mkubwa humwangukia mdogo. Aliondoka na watoto walimsindikiza hadi kituo cha basi. Mimi nilibaki ofisini na kazi ambayo haikuwa na haraka.

Sisemi kwamba darasa ni bawa la ndege. Watoto si fuwele, na mkaguzi akikaa mbele naye huona uso na kukosa mgongo. Pengine wapo waliokuwa wanacheza nami ndiye niliyewaona. Lakini Reda na wenzake walikuwa na ubao usio na hisia, usioumia wala kunyimwa daraja, na bado hawakuthubutu kuuandikia hukumu kwa kuutazama kutoka upande mmoja. Mimi nilikuwa na mtu.

Mjukuu alipomaliza likizo yake alipanda tena juu ya kiti akapangusa pangaboi, kisha akaniachia ripoti zote tatu mezani. Nimeandika majina ya watafiti juu ya jalada kwa kalamu ya wino. Ndani ya ile ya tatu nimetia karatasi yenye jina la mama yule. Wiki hii mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha naye baadaye amenipa habari kwamba bado yu hai na anakaa kwa binti yake, upande wa Handeni. Siku hizi lami imefika, na safari si ndefu. Nitakwenda Jumamosi.